Sahani ya Ngalula

2 Machi

Mvua imeanza kweli leo. Ile ya wiki iliyopita ilikuwa ya kututania. Leo imeshuka mlimani kwa hasira, ikabeba udongo wa jirani na kuuleta mlangoni kwetu bila hodi.

Daftari hili nimelinunua ili nisisahau Kiswahili. Bibi ananisema kila siku. Eti shuleni nafundisha kwa Kiingereza, sokoni nabishana kwa Kinyarwanda, "na mumeo ulimtukana kwa Kifaransa, ndiyo maana hakuelewa, akakurudisha." Yule bwana alielewa vizuri sana, lakini Bibi akipata mzaha hauachi ukapita. Basi niandike: naitwa Uwineza, nina miaka thelathini na sita, mwalimu wa historia, niliyeachika na kurudi Nyakabanda, hapa Kigali, kwa bibi mzaa mama. Yeye ni Bibi Swafiya, anakaribia tisini. Alishona kanzu na mabuibui ya mtaa huu mpaka macho yakamkatalia.

Tuko ndani ya Ramadhani. Jioni nilipakua futari, kwanza sahani ya mgeni, halafu sisi. Ni sahani ya bati yenye mdomo wa buluu, rangi imebanduka, na inakaa juu ya kigoda kando ya mlango. Ndivyo ilivyo tangu nizaliwe. Hakuna anayeonja kabla ya sahani hiyo kujaa, na hakuna anayeigusa mpaka sisi tushibe. Baadaye hupewa yeyote anayepita. Mgeni mwenyewe sijawahi kumwona. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni Nabii Hidhri, anayetembea duniani kwa sura ya maskini. Nikakua, nikaacha kudhani chochote.

5 Machi

Mvua. Paa linavuja juu ya kitanda changu, juu ya cha Bibi halivuji. Mungu anajua nani ni nani.

9 Machi

Nafundisha kwa Kiingereza, nawaza kwa Kiswahili, wanafunzi wananicheka kwa Kinyarwanda.

Leo tulimaliza jamii za kale: wafua chuma wa milima hii hii, wafinyanzi, wakulima waliohama na mbegu zao kwa hiari yao. Tukaingia kwenye misafara. Nilichora ramani ubaoni, Manyema, ziwa, Ujiji, Tabora, pwani. Kutoka pwani nikavuta mishale juu ya bahari: mmoja Uarabuni, mmoja visiwa vya miwa, na mwingine mrefu kuzunguka bara mpaka Marekani. Nikawaambia hivyo ndivyo watu wetu walivyotawanyika duniani, na ndiyo maana ya diaspora. Darasa likashangaa kidogo. Kwao diaspora ni shangazi aliye Ubelgiji anayetuma viatu.

Nikafunga kwa sentensi ninayoipenda, kwamba Rwanda haikuguswa sana, wafalme wetu waliwafungia mlango wafanyabiashara wa watumwa. Kirezi, binti anayekaa mbele, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na wale walioachwa njiani? Hawakufika kwao, hawakufika baharini. Wao wanaitwaje?"

Nikamwambia muda umekwisha. Ulikuwa umebaki tele.

13 Machi

Futari: uji wa mtama, maharage, viazi. Mvua tangu asubuhi. Bibi amefunga na umri huu, ukimkataza anakuuliza wewe ni sheikh wa wapi.

20 Machi

Idi. Ningependa kuandika kwamba ilikuwa njema.

Mjomba Shafiq, mwana pekee wa Bibi aliyebaki, alikuja na binti yake Umulisa pamoja na wakwe watarajiwa kutoka Kicukiro. Harusi ni mwezi wa sita. Mjomba ana duka la vitambaa na kiti kwenye kamati ya msikiti, na hupenda watu wajue kwamba ukoo wetu ni wa pwani, wa waungwana. Bibi wa mama yake, akisimulia yeye, ni binti wa Mwarabu wa Pangani.

Nilipakua pilau, sahani ya mgeni kwanza. Mama mkwe akaiangalia.

"Hii iko ya nani?"

"Ya mgeni," Bibi akajibu.

"Mgeni gani tena? Si sisi wote tumefika?"

Bibi akatabasamu tu. Yule mama akamvuta mjukuu wake aliyekuwa anakaribia kigoda, akanong'ona audhubillahi, na tukasikia sote. Mjomba akacheka kwa sauti kubwa kuliko kichekesho chenyewe. Walipoondoka alimwaga ile pilau kwa kuku, akaifuta sahani kwa leso yake na kuikwapua.

"Mama, sahani iko mwisho leo. Kesho Kicukiro nzima itasema tunalisha majini. Unataka mutoto arudishwe kabla ya kuolewa?"

Nyumba hii iko kwa jina la Mjomba. Bibi hakusema neno, na mimi, mwenye ulimi mrefu kuliko kamba ya kisima, sikusema pia.

21 Machi

Bibi hakula. Nilimpelekea wali wa jana, akausogeza.

"Sijamtangulia mtu kula maisha yangu yote. Nianze leo na meno haya mawili?"

Nikamwambia nitapakua kwenye sahani nyingine, Mjomba hatajua. Akanikazia macho.

"Mwenye nyumba amekataza. Sipakulii mtu chakula cha kuiba."

24 Machi

Chai ya rangi, vikombe viwili. Hakuna kingine. Mvua.

27 Machi

Mjomba amemleta daktari wa kliniki. Akapima damu, sukari, akasikiliza kifua. Akasema ni uzee. Mjomba alishukuru, akaacha maziwa na ndizi, akaondoka haraka bila kuangalia kigoda kilicho wazi kando ya mlango. Namwona mtu mgumu sana. Nimeona niliandike nisije nikajifanya baadaye kwamba sikuliwaza.

29 Machi

Mifupa ya mabega yake inaonekana juu ya kanga. Nimelia jikoni, maji ya paa yakinidondokea.

1 Aprili

Leo amenieleza. Nimemnywesha uji vijiko vitatu, akakataa cha nne, akaniambia nikae. Nayaandika maneno yake kama nilivyoyashika.

"Bibi yangu Zafarani nilimjua. Nilimsuka nywele. Alikuwa mtoto wa miaka kama kumi walipomchukua, yeye na dada yake Ngalula, kule ng'ambo ya ziwa, shambani kwa mama yao. Hilo la Zafarani alipewa na aliyemnunua. Jina la kwao hakunitajia, alisema lilibaki kule. Wakatembezwa. Wakavushwa ziwa. Ujiji wakawekwa uani na watu wengi. Jioni wakapewa bada, ugali wa muhogo, wakawa wanakula wawili, sahani moja ya mti. Mwanamume akaja mlangoni, akaonyesha kidole. Ngalula akasimama na tonge mkononi. Akamwambia mdogo wake, 'Nibakizie, naja.'"

Nikangoja.

"Halafu?"

"Halafu nini? Tunambakizia."

Nilimuuliza alipelekwa wapi. Akasema wewe ndiye mwalimu, unauliza mimi? Pwani, baharini, nani anajua. Zafarani alibaki kwa tajiri wake, akaletwa huku wakati wa Wadachi, akamzalia watoto, mmoja wao mama yake Bibi. Kila alipopika alimpakulia dada yake kwanza. Mama yake Bibi naye hivyo hivyo, kisha Bibi.

Nimeinama juu ya daftari hili na aibu imenishika. Kila mwaka kwenye hitima ya Babu Munyakazi, mumewe Bibi, yanasomwa majina ya marehemu wetu, na miongoni mwao Zafarani binti Abdallah. Nafundisha historia. Najua kwamba aliyesilimishwa bila baba wa kutajwa aliitwa wa Abdallah, mja wa Mungu, mambo yakaisha. Nalijua hilo kwa majina ya watu wote isipokuwa ya nyumbani kwangu. Mwarabu wa Pangani hakuwahi kuwepo.

Na Ngalula hajasomwa popote. Hakuna aliyemwombea hata fatiha moja. Nilimshika Bibi mkono nikamwambia, "Bibi, mwaka huu jina lake litasomwa kwenye hitima. Hatapotea tena."

Alinyamaza, akageukia ukutani. Kwetu mwari akiulizwa kuhusu posa naye akanyamaza, sheikh huandika kwamba amekubali. Nilimfunika shuka, nikatoka nimefurahi.

2 Aprili

Nilikwenda dukani kwa Mjomba nikiwa nimejipanga kwa vita. Nikamwambia kila kitu, Ujiji, bada, kidole. Aliendelea kupima kitambaa, mita, mita, mpaka mteja akaondoka.

"Unadhani sijui?" akasema. "Nilikuwa na miaka tisa. Kwa mpira pale chini, nikafunga bao, mutoto moja akaniita mujukuu wa kununuliwa. Nikarudi nalia. Mama akaenda jikoni. Alipakua ile sahani kwanza, halafu yangu. Siku ile nikaanza kuichukia."

Akainama chini ya meza, akatoa sahani. Alikuwa ameifunga kwa kitambaa cha hariri, cha bei. Nilikuwa nimeamini ameitupa jalalani.

"Mupelekee. Akikula, unipigie simu."

Bibi alikula. Wali kidogo na mchuzi wa dagaa, baada ya sahani kujaa na kuwekwa juu ya kigoda. Nilimpigia Mjomba simu. Nikasikia anapenga kamasi.

4 Aprili

Mvua. Sahani. Bibi amekula na amenitukana kuhusu chumvi. Alhamdulillah.

7 Aprili

Wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari. Mji umenyamaza, maduka yamefungwa, mvua yenyewe inanyesha polepole. Gaudiose, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuja kukaa na Bibi kama kila mwaka siku hii. Ni Mkatoliki, mjane wa mwaka ule. Mumewe alichukuliwa njiani na mpaka leo hajapatikana. Huwa hawaongei wazee hawa wawili, wanachambua maharage tu.

Nilipomsindikiza alisimama mbele ya kigoda. Nikamsimulia habari ya Ngalula, na kwamba nataka asomwe kwenye hitima. Nilijivuna kidogo, sitaficha.

"Mutamusoma pamoja na wafu?"

"Ndiyo, mama, ili akumbukwe."

"Mimi kila mwaka wananiambia, Gaudiose, tuandike jina ya bwana yako kwa ukuta ya ukumbusho. Nawaambia, mungoje. Sikumuzika, sha. Sina hata mufupa moja." Akavaa kandambili zake. "Bibi mwenyewe umemuuliza?"

"Nilimwambia. Alinyamaza."

"Kunyamaza iko mingi," akasema, akaenda zake kwenye mvua bila mwavuli.

Nadhani alikuwa anaongea ya kwake. Siku hii kila mtu anaongea ya kwake.

12 Aprili

Ukuta wa choo umeanguka. Hakuna aliyekuwemo.

18 Aprili

Mjomba alikuja, akaketi kwenye mkeka wala si kwenye kiti, jambo ambalo hajalifanya tangu awe mtu wa kamati. Amezeeka mwezi huu. Alisema Umulisa amemwambia kwamba wakwe wakikimbia kwa ajili ya jina la marehemu, wakimbie sasa kabla hajazoea kupika kwao.

"Nitamusoma," akasema. "Mbele yao. Nimechoka na huyo Mwarabu."

Nikamkumbatia mjomba wangu, jambo ambalo mimi pia sijalifanya miaka mingi. Akaniuliza, "Ngalula binti nani?" Baba yao Bibi hakuwahi kumtaja. Tulikubaliana tusimwambie Bibi ni nani atakayelisoma. Tulitaka alisikie mwenyewe.

23 Aprili

Tumenunua mchele, mbuzi, vitunguu. Mvua haikati.

26 Aprili

Naandika mchana huu huu, kabla sijaanza kujitetea.

Kwenye hitima wanaume walikaa uani chini ya turubai, sisi wanawake chumbani, pazia katikati. Bibi aliegemea mto kitandani, amevaa buibui lake alilolishona mwenyewe, na Gaudiose kando yake. Sahani ilikuwa juu ya kigoda, imejaa pilau. Mama mkwe alikuwepo, ameketi mbali nayo. Mvua ilipiga turubai mpaka wasomaji wakalazimika kupaza sauti.

Baada ya kisomo Mjomba akaanza majina. Munyakazi, wazazi wake, mama yangu, wajomba. Zafarani binti Abdallah. Akatua. Nikasikia anavuta pumzi.

"Huyu Zafarani hakuwa na baba Pangani. Aliuzwa Ujiji, akiwa mutoto. Na dada yake, aliyepelekwa baharini, yeye hakuna mutu aliyemuombea. Ngalula. Binti Hawa, kama sisi wote."

Mama mkwe aliinamisha kichwa. Kisha akaitikia amina, na uani wakaitikia, sauti nzito, nyingi. Machozi yalinitoka. Nikamgeukia Bibi. Kweli nilitarajia anishukuru.

Uso wake ulikuwa umekauka.

"Amekufa lini?" akaniuliza.

"Bibi?"

"Ngalula. Amekufa lini? Nani ameleta habari?"

"Bibi, imepita zaidi ya miaka mia."

"Kuhesabu najua. Nimekuuliza, nani ameleta habari?"

Hakuna aliyeleta habari. Hakuna mtu aliyewahi kuleta habari, na ndiyo sababu wanawake watatu kabla yangu walimwombea dua kila marehemu wao wakamruka huyu mmoja, kwa makusudi, kila mwaka. Walijua kuhesabu. Mimi ndiye niliyedhani wamesahau.

"Mumemusomea," Gaudiose akasema polepole, wala hakuwa ananilaumu.

"Aliyesomewa haji tena," Bibi akasema. "Basi. Nileteeni sahani."

Nilimletea. Akavuta mkono wa buibui nyuma, akasema bismillahi, akala. Alikula chakula cha Ngalula chote, tonge kwa tonge, hata mfupa akaunyonya. Wanawake walikuwa wanakula na wao, wanasifu pilau, hawakujua wanaangalia nini. Gaudiose alijua. Aliinuka akatoka, sahani yake haijaguswa.

Mjomba akaingia, kanzu imelowa mabega, uso unang'aa kama bwana harusi.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu," Bibi akamwambia. "Umesoma vizuri."

29 Aprili

Anakula. Wa kwanza, kabla yetu sote. Nikisimama na sahani ya buluu mkononi ananiambia, "Ya nini? Rudisha kabatini." Mjomba amefurahi, anasema Mama amepona. Sijamwambia.

1 Mei

Nilimwomba radhi. Akanipapasa kichwa kama mtoto. "Ulitaka kumrudisha nyumbani," akasema. "Kila mtu na njia yake." Nikamwuliza kwa nini hakunikataza siku ile. Akasema alikuwa na njaa, hakuwa na nguvu za kubishana na mwalimu.

3 Mei

Bibi amefariki alfajiri. Mvua.

4 Mei

Tumemzika. Kaburi lilijaa maji, wakayachota kwa ndoo, likajaa tena. Gaudiose alinishika kiuno nisiteleze. Alisema, "Huyu unajua iko wapi. Ushukuru." Nimejaribu kushukuru.

11 Mei

Ubaoni kwangu mishale bado ipo, hakuna aliyeifuta vizuri. Nimemwambia Kirezi kwamba nilimnyima jibu. Wale walioachwa njiani hawana jina kwenye kitabu chetu, na wengine walifika hata hapa Kigali, nyumbani kwetu sisi. Darasa halikucheka. Akaniuliza wao wenyewe waliwaitaje wale waliovuka.

"Waliwangoja," nikasema, nikawapa zoezi la kuandika.

19 Mei

Mvua moja fupi. Inaondoka.

27 Mei

Idi ya kuchinja. Jua kali, udongo wa mlangoni umekauka na kupasuka. Walikuja wote, Mjomba, Umulisa, wakwe wa Kicukiro, ambao hawakukimbia. Mama mkwe alileta maandazi, akanibusu, akaketi mahali pa Bibi bila kujua.

Nilikuwa jikoni, nina pilau, nina mwiko, nawaza habari ya nyama kama itatosha. Nilipoinua macho mkono wangu ulikuwa umeshapakua. Sahani ya buluu, imejaa mpaka mdomoni, na mimi nimesimama nayo mbele ya kigoda. Mama mkwe safari hii hakumvuta mtoto. Alisogeza miguu kunipisha, kwa adabu kabisa.

Nilimwangalia Mjomba. Alikuwa ameelewa. Sijui aliambiwa na Gaudiose au alijifikiria mwenyewe, lakini alielewa, midomo yake ikacheza kama anayetafuta jina.

Bibi tumemzika. Ngalula tumemsomea, mbele ya watu, wakaitikia amina. Wafu hawapakuliwi, nyumba hii haijawahi kuwapakulia wafu.

Nikarudi jikoni, nikaurudisha wali sufuriani. Hakuna aliyenizuia.